Akiba ya Dharura na Kadi Iliyobaki Dukani

Katika vituo vya biashara vya Turkana Magharibi, kuanzia Lokichoggio hadi Kakuma, yapo maduka ambayo chini ya kaunta zake huwekwa kadi za benki za wateja. Kadi hizo si mali ya mwenye duka. Zimeachwa na familia zilizochukua unga, sukari na mafuta kwa mkopo, na zinakaa pale kama dhamana mpaka fedha ziingie. Siku ya malipo, mwenye duka huenda kwa wakala pamoja na mteja, au huenda peke yake kwa kuwa nambari ya siri anayo. Hukata deni lake na kumrudishia mteja kilichosalia. Mara nyingi kilichosalia ni kidogo, na kadi hurudi chini ya kaunta siku hiyo hiyo, kwa sababu mteja amelazimika kukopa tena.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza madeni katika makazi ya Kalobeyei walikuta kwamba sehemu kubwa ya familia za wakimbizi zilikuwa na deni dukani, na kwamba kadi za ATM na laini za simu zilikuwa zikishikiliwa kama dhamana. Upande wa wenyeji hali haiko mbali na hiyo. Mpango wa HSNP, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA), hulipa familia zilizosajiliwa kupitia akaunti za benki ya Equity. Kiwango chake kwa miaka mingi kimekuwa Sh2,700 kwa mwezi, zikitolewa Sh5,400 kila baada ya miezi miwili. Familia inayokula kwa mkopo wiki saba na kupokea fedha wiki ya nane haina la kufanya na fedha hizo ila kuzipeleka dukani.

Mwenye duka asihukumiwe haraka. Wakati wa ukame yeye ndiye huwa wa kwanza kumpa jirani chakula bila fedha taslimu, na bidhaa zake nyingi husafirishwa kutoka Kitale, naye pengine amezichukua kwa mkopo. Tatizo liko kwenye kadi. Mteja ambaye kadi yake imeshikiliwa hawezi kwenda duka la pili kuuliza bei, hajui deni lake limefika wapi ikiwa daftari limeandikwa na mtu mmoja, na hana namna ya kuweka hata shilingi mia moja pembeni kabla fedha hazijakatwa. Akiba ya dharura, hata ikiwa ndogo, ndiyo humwezesha mtu kulinunua gunia la unga bila kuiacha kadi.

Funzo la Loki

Lokichoggio ni mji unaojua maana ya mapato kukatika ghafla. Mwaka wa 1989, Umoja wa Mataifa ulipoanzisha operesheni ya kupeleka misaada kusini mwa Sudan, iliyojulikana kama Operation Lifeline Sudan, Loki ikawa kituo chake kikuu upande wa Kenya. Ndege za mizigo zilitua na kupaa mchana kutwa. Vijana walipata kazi za upakiaji, udereva, ulinzi na upishi, na wafugaji walipata soko la nyama. Hospitali ya Lopiding, iliyofunguliwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka wa 1987, iliwatibu majeruhi wa vita kutoka ng'ambo ya mpaka na kuwaajiri wenyeji.

Mkataba wa amani ya Sudan ulitiwa sahihi jijini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mashirika yakaanza kuhamia Juba, na mwaka uliofuata Msalaba Mwekundu wakaondoka Lopiding na kuikabidhi serikali. Amani hiyo ilikuwa habari njema kwa eneo zima, lakini mpakiaji wa mizigo aliyekuwa akipokea mshahara wa kila mwezi kwa miaka kadhaa alipoteza kazi, na hoteli zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa misaada zikabaki na vyumba vitupu. Waliokuwa wamenunua mifugo, kujenga nyumba za kupangisha au kuweka fedha benki walipata muda wa kujipanga. Waliokuwa wakiishi kwa mshahara hadi mshahara hawakuupata.

Jambo lenyewe halijabaki katika historia. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, wafanyakazi wa miradi mingi Kakuma, Kalobeyei na Lodwar walijikuta katika hali iliyofanana na hiyo. Hata watumishi wa umma hawako salama kabisa: mgao wa fedha za kaunti kutoka Hazina ya Taifa unapochelewa, mishahara nayo huchelewa, na hilo limetokea zaidi ya mara moja.

Kiasi gani kinatosha?

Washauri wa fedha hupenda kusema kwamba kila mtu awe na akiba ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Kwa mwalimu au muuguzi mwenye mshahara, hilo ni lengo zuri. Kwa mama anayeuza mboga na makaa karibu na barabara kuu ya Lokichoggio, akisikia miezi sita ataondoka kwenye mkutano, na atakuwa na haki.

Lengo la kwanza linalofaa katika eneo hili ni safari moja ya Lodwar. Mgonjwa akizidiwa Lokichoggio na kupewa rufaa, hospitali kuu ya kaunti iko takriban kilomita 200. Hesabu ni nauli ya mgonjwa na ya mtu wa kumsindikiza, kwenda na kurudi, chakula cha siku tatu, na mahali pa kulala kwa yule anayesindikiza. Kila familia inaweza kupiga hesabu hiyo kwa dakika tano kwa sababu bei zake inazijua. Kiasi hicho kikishapatikana, lengo la pili liwe chakula cha mwezi mmoja. Baada ya hapo ndipo miezi mitatu iwe na maana.

Anayeweka Sh50 kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi, atakuwa na Sh1,300 mwisho wa mwezi na Sh7,800 baada ya nusu mwaka. Si fedha nyingi, lakini ni nyingi kuliko zile ambazo HSNP hulipa kwa miezi miwili, na hazina mdai. Asiyeweza kuweka Sh50 aweke Sh20. Siri iko katika kuziweka asubuhi kabla ya matumizi, kwa sababu jioni huwa hazibaki.

Bima ya afya ihesabiwe pamoja na akiba. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF, na mchango wa chini kwa wasio na mshahara ni Sh300 kwa mwezi, sawa na Sh3,600 kwa mwaka. Familia iliyolipa SHA hutumia akiba yake kwa nauli na chakula tu. Ambayo haijalipa huitumia yote kwenye kitanda cha hospitali.

Mbuzi ni akiba, ila bei yake hushuka

Kusema kwamba mfugaji hana akiba ni kutomwelewa. Mbuzi, kondoo na ngamia ndio benki ya Turkana tangu zamani. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waturkana mwishoni mwa miaka ya 1940, alieleza jinsi mtu alivyokuwa na marafiki wa mifugo katika sehemu mbalimbali, akiwapa wanyama na kupewa, ili maafa yakikumba upande mmoja apate pa kuanzia upande mwingine. Huo ulikuwa mfuko wa dharura hasa, na bado upo.

Udhaifu wake ni kwamba ukame huwakumba wote kwa wakati mmoja. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, na familia nyingi ziliuza katika miezi ile ile. Wanyama walikuwa wamekonda, wauzaji wengi, wanunuzi wachache, na huku bei ya mahindi ikipanda. Mbuzi aliyekuwa akinunua chakula cha wiki kadhaa akawa ananunua cha siku chache.

NDMA hutoa taarifa ya ukame ya Turkana kila mwezi, ikionyesha bei ya mbuzi, hali ya malisho na umbali wa maji, na kutangaza iwapo kaunti iko katika hali ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura. Taarifa hizo huwafikia maafisa wengi kuliko wafugaji, jambo ambalo linapaswa kubadilika. Machifu na wasimamizi wa wadi wanaweza kuulizwa. Hali inapohama kutoka kawaida kwenda tahadhari, ndio wakati wa kuuza beberu wawili watatu wasiohitajika kwa uzazi, wangali na nyama mwilini, na kuzihifadhi fedha hizo. Majike ya kuzaa yabaki. Vilevile bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kupima malisho iliingia Turkana kupitia mpango wa serikali ya kitaifa mwaka wa 2015; aliyewahi kusajiliwa aulize afisa wa mifugo kama jina lake bado limo.

Fedha taslimu ziwekwe wapi? Chini ya godoro ni karibu mno na mkono. Kikundi cha kuweka na kukopa ni bora zaidi kwa asiye na benki karibu. Mfumo wa vikundi hivi ulianzia Niger mwaka wa 1991 chini ya shirika la CARE na umeenea hadi vijiji vya Turkana: wanachama huweka hisa kila wiki mbele ya wote, sanduku lina kufuli tatu zenye washika funguo watatu tofauti, na pembeni kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa ambao hautozwi riba. Kikundi ambacho sanduku, funguo na daftari vyote viko kwa mwenyekiti hakistahili fedha za mtu. Chama cha mzunguko nacho kina faida yake, lakini si mfuko wa dharura, kwa kuwa ugonjwa haungojei zamu.

Wenye simu wanaweza kutumia akaunti za akiba zinazofungwa kwa muda, na wenye benki wakumbuke kwamba amana zao zimelindwa na Shirika la Bima ya Amana hadi Sh500,000 kwa mteja katika kila benki. 

Mkopo wa simu: hesabu kabla ya kubonyeza

Tangu M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, mkazi wa Lokichoggio anaweza kukopa saa sita usiku bila mdhamini. Hilo limewaokoa wengi, na limewazamisha wengi. M-Shwari hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na kodi juu yake. Asilimia hiyo inaonekana ndogo. Anayekopa Sh2,000, akalipa na kukopa tena kila mwezi, hulipa Sh150 mara 12, yaani Sh1,800 kwa mwaka, bila kuhesabu kodi. Karibu amelinunua deni lake mara ya pili, na bado ana Sh2,000 za kulipa.

Fuliza, iliyoanza Januari 2019, si mkopo wa kawaida bali ni ruhusa ya kutumia fedha usizo nazo kwenye M-Pesa. Hutoza asilimia 1 ya kiasi kilichotumika na ada ya kila siku mpaka deni liishe. Inafaa kwa pengo la siku moja au mbili. Jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wamechelewa ni kwamba fedha yoyote inayoingia kwenye laini hukatwa kwanza. Mtoto aliyeko Eldoret akimtumia mamake fedha za dawa, na mama ana deni la Fuliza la unga wa wiki iliyopita, dawa hazitanunuliwa. Mwenye deni la namna hiyo amwambie mtumaji atumie laini nyingine, au atume kwa mwenye duka la dawa moja kwa moja.

Hustler Fund, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ni nafuu zaidi: riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Anayekopa Sh1,000 hupokea Sh950, kwa kuwa asilimia 5 huenda kwenye akiba yake, na akilipa ndani ya siku 14 riba ni kama shilingi tatu. Akichelewa, riba hupanda hadi asilimia 9.5. Kikwazo ni hizo siku 14. Zinamfaa muuza samaki au mandazi anayegeuza mtaji kila siku. Mfugaji anayengojea siku ya mnada hazimtoshi. Anayeombwa na mtu yeyote atume fedha za usajili kabla ya kupewa mkopo ajue anaibiwa.

Kadi ya mkopo kwa wenye mshahara

Katika Lodwar na Kakuma, walimu, wahudumu wa afya na wafanyakazi wa mashirika hupigiwa simu na benki wakiahidiwa kadi za mkopo. Kadi hii haifanani na ile ya kutolea mshahara. Ya mshahara hutumia fedha zilizoko kwenye akaunti. Ya mkopo hutumia fedha za benki, na mteja hulipa baadaye. Akilipa deni lote kufikia tarehe iliyoandikwa kwenye taarifa ya mwezi, hatozwi riba kwa manunuzi, na kwa kadi nyingi huwa amepata wiki kadhaa za nafuu bila gharama. Kwa anayelipia hoteli akiwa kazini Nairobi au anayenunua tiketi ya ndege kwa intaneti, hiyo ni faida halisi.

Shida huanza na neno moja kwenye taarifa: malipo ya chini. Tuseme deni ni Sh20,000, riba asilimia 3 kwa mwezi, na benki inataka angalau asilimia 10. Mteja analipa Sh2,000 na kudhani amepunguza deni kwa Sh2,000. Riba imechukua Sh600. Deni limeshuka kwa Sh1,400 tu. Akiendelea kununua huku akilipa kima hicho cha chini, deni halishuki kabisa. Kosa jingine ni kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo kwenye ATM. Hapo kwa kawaida hakuna wiki za nafuu: ada hukatwa papo hapo na riba huanza kuhesabiwa siku ile ile. Kwa kuwa maduka mengi ya Lokichoggio hulipwa kwa M-Pesa au taslimu, mwenye kadi ya mkopo huko hushawishika kuifanya kuwa kadi ya kutolea fedha, na hiyo ndiyo njia yake ya gharama kubwa kuliko zote. Pengine asiyesafiri haihitaji.

Mwajiriwa pia ajue kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kwenye mshahara yazidi theluthi mbili. Kadi ya mkopo na mikopo ya simu hayaonekani kwenye hati ya mshahara, kwa hiyo sheria hiyo haimkingi nayo. Mtu anaweza kubaki na theluthi moja kwenye karatasi na asibaki na kitu mkononi.

Haki za mkopaji

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, zilizoanza kutumika Machi 2022, zinataka kila kampuni ya aina hiyo iwe na leseni. Zinakataza kumtishia mdaiwa, kumtukana, na kuwapigia simu jamaa na marafiki walio kwenye kitabu chake cha nambari ili kumwaibisha. Majina ya waliopewa leseni yako kwenye tovuti ya Benki Kuu, na malalamiko hupelekwa huko.

Kuorodheshwa kwenye kumbukumbu za mikopo, yaani CRB, kuna utaratibu wake. Mkopeshaji sharti ampe mdaiwa notisi ya siku 30 kabla ya kumpeleka, na deni lililo chini ya Sh1,000 halipaswi kuorodheshwa. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka, na akikuta deni alilokwisha kulipa anaweza kudai lirekebishwe.

Kwa familia ambayo kadi yake iko dukani sasa hivi, kuinyang'anya kwa ugomvi hakutasaidia, maana mwezi ujao duka lile lile huenda likahitajika. Kinachofaa ni mwanafamilia anayejua kusoma aende na daftari lake, deni liandikwe pande zote mbili na kutiwa sahihi, kisha wakubaliane kiasi cha kulipwa kila awamu, kwa mfano Sh1,500 badala ya fedha zote. Kadi irudi kwa mwenyewe na nambari ya siri ibadilishwe kwa wakala au katika tawi la benki. Mwenye duka akikataa kuirudisha hata baada ya makubaliano, suala lipelekwe kwa chifu au ofisi ya NDMA mjini Lodwar ikiwa kadi ni ya HSNP. Ikiwa ni ya Inua Jamii, kamati ya maslahi ya wanufaika katika lokesheni ndiyo ianze nalo. Benki nayo inaweza kuifunga kadi hiyo na kutoa nyingine, na mwenyewe atahitajika kufika na kitambulisho chake cha taifa.